Ustadi wa Kumfuata Aliyebaki

Filamu ya uhalifu inayotokana na mauaji ya kweli hupimwa kwa jambo moja ambalo watengenezaji wengi wa siku hizi wamelisahau, nalo ni nani anayefuatwa na kamera baada ya damu kumwagika. Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita swali hilo ni zito, kwa kuwa muuaji wa huko hakuwa mtu mmoja, bali mnyororo wa watu: mchimbaji mdogo anayetaka duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, litoe mali, mganga anayemwaminisha kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huvuta bahati, na mtu anayetumwa usiku na panga. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kunyongwa watu 3 kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga wakati huo na ambayo tangu 2012 imo Geita.

Mauaji ya aina hiyo ndiyo yaliyozaa White Shadow, filamu ya Kiswahili iliyoongozwa na Noaz Deshe, ambayo mwaka 2013 ilitunukiwa katika tamasha la Venice tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji. Kijana Alias, mwenye ualbino, anayeigizwa na Hamisi Bazili, anashuhudia baba yake akiuawa, na mama yake anampeleka mjini kwa ndugu yao Kosmos, anayeigizwa na James Gayo, mchoraji wa katuni za Kingo.

Huko mjini Alias anauza simu, DVD na miwani ya jua. Mwenye ualbino ana upungufu wa melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, nywele na macho, kwa hiyo mwanga mkali humuumiza. Na sasa kijana huyo anawatembezea wengine kinga ambayo yeye ndiye anayeihitaji zaidi, katikati ya umati ambamo yeyote anaweza kuwa ameshasikia bei ya viungo vyake. Bidhaa moja ya mchuuzi inabeba jua, umaskini na hofu kwa pamoja, na huo ndio ufundi wenyewe.

Inasikitisha kuona ufundi huo ukififia. Katika filamu nyingi za harakaharaka mganga amekuwa kichekesho chenye hirizi na moshi, ilhali Januari 2015 serikali ililazimika kuwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi, yaani waganga ambao uaguzi wao huchochea chuki na mauaji. Panga hupewa jalada zima, na aliyepoteza mkono au mzazi hapewi hata sentensi moja. Waongozaji wa Tanzania wanao waigizaji, lugha na ushahidi wa mahakama zao wenyewe. Basi waende Bukombe na Kahama, wakae na waliobaki hai, na filamu ianze kwao.