Rekodi ya asilimia 7.1 ilivyopatikana

Kipande chenyewe kilikuwa cha akriliki, sentimita 5 kwa 5, unene milimita 5. Mwaka 2008 Lenneke Slooff wa taasisi ya ECN, Uholanzi, na wenzake waliripoti kwamba kiligeuza asilimia 7.1 ya nishati ya jua kuwa umeme. Kila panapozungumzwa madirisha ya kuzalisha umeme namba hiyo hutajwa, lakini ukubwa wa kipande husahaulika, na siri yote imo humo.

Ndani ya akriliki walichanganya rangi mbili za kikaboni, ya njano na nyekundu. Rangi hizi hunyonya mwanga wa jua, kisha huutoa upya ukiwa umeelekea zaidi kwenye wekundu. Karibu robo tatu ya mwanga huo hushindwa kutoka, hudundadunda baina ya nyuso mbili mpaka ukingoni, ambako walibandika seli nne za galiamu asenidi. Nyuma waliweka kiakisi ili mwanga uliopenya urudi. Kwa hiyo hapo hapakuwa na dirisha, maana huoni upande wa pili.

Sasa tupige hesabu. Uso ni sentimita za mraba 25, kingo zote 10. Mwanga ulisafiri sentimita chache tu. Kwenye kioo cha mita 1 kwa 1 chenye unene uleule, uso ni mara 50 ya kingo. Safari inakuwa ndefu, na njiani molekuli za rangi hunyonya tena sehemu ya mwanga ambao wenzao wameutoa. Kila unapotolewa upya, robo huponyoka. Ukitolewa mara tatu umebaki na asilimia 40 hivi, hata kama rangi yenyewe haipotezi kitu.

Mwaka huohuo kundi la Marc Baldo wa MIT lilikabili tatizo hili kwa ustadi ninaouheshimu sana. Walipaka kioo utando mwembamba wa rangi zilizochanganywa, molekuli zikipokezana nishati jirani kwa jirani bila kutoa mwanga, hadi ifike kwa zile chache za mwisho ambazo ndizo huwaka. Kwa uchache wao, hazinyonyi sana mwanga wao wenyewe.

Mwaka 2014 kundi la Richard Lunt, Michigan State, lilitumia rangi inayonyonya mwanga usioonekana, upande wa chini ya wekundu. Kipande kilibaki angavu kabisa, na ufanisi ulikuwa asilimia 0.4. Kwa mjenzi anayetaka dirisha la kuchungulia nje, hiyo ndiyo namba ya kuanzia, si 7.1.