Kebo Zenye Plasta

Fundi wa saa za mitandao utamjua kwa kebo zake. Huyu ninayemkumbuka, mzee mmoja aliyeitumikia maabara ya mawasiliano jijini Dar es Salaam hadi alipostaafu, kila kebo yake ilikuwa na kipande cha plasta nyeupe, na juu ya plasta namba ya wino mweusi: 5, 10, 24.6, 198. Mgeni angedhani ni bei. Zilikuwa nanosekunde, yaani muda ambao mpigo wa umeme hutumia kusafiri kutoka ncha hadi ncha. Mita moja ya kebo ya antena ya kawaida hula nanosekunde 5 hivi, na kwa mzee yule kebo isiyo na plasta haikuingia kazini, hata ingetoka dukani siku hiyohiyo.

Uzuri wenyewe ulikuwa katika namna alivyozipata namba zile. Kila saa ya maabara hutoa mpigo mmoja kwa sekunde. Ukiingiza mipigo ya saa mbili kwenye oskiloskopu, kioo kinakuonyesha vilima viwili na pengo katikati. Mtu wa haraka husoma pengo, akaliandika, akaenda kunywa chai. Mzee hakuliamini pengo la kwanza. Alizichomoa kebo upande wa saa, akazibadilisha, ya huku ikaenda kule, akasoma upya. Ikiwa mara ya kwanza saa moja imetangulia kwa nanosekunde 9, na mara ya pili kwa 5, basi ukweli ni 7. Zile 2 zilizoongezeka na kisha kupungua ni za kebo na za oskiloskopu, hazihusiani na saa. Kwa hiyo, kabla ya kuitilia saa shaka, alianza kuvitilia shaka vyombo vyake vya kupimia. Viunganishi alivikaza kwa spana ndogo iliyolia “tak” ikifika kiasi chake, na baada ya “tak” hakuongeza hata robo ya mzunguko.

Kijana mmoja wa mafunzo, akitazama taa ya mtambo unaopokea saa kutoka satelaiti, alimuuliza, “Mzee, taa si imeshakuwa ya kijani?”

“Mwanangu, kijani inakuambia mtambo umeziona satelaiti. Haikuambii umechelewa kiasi gani.”

Juu ya paa alikuwa mkali zaidi. Antena ilisimama mbali na mabati na mbali na mnara wa matangi, maana mawimbi ya satelaiti yakigonga bati kwanza hufika yakiwa yamezunguka, na kuzunguka ni kuchelewa. Mtambo ukishafungwa aliuacha mchana kutwa na usiku kucha ukijitafutia mahali ulipo. Mtambo unaojua kwa hakika uliposimama unaweza kusoma saa hata kwa satelaiti moja. Usiojua huhitaji nne, na bado huyumba. Vipimo vya mwanzo wa usiku hakuvitegemea, kwa sababu huku kwetu karibu na ikweta anga la juu huchafuka jua likishazama, na mawimbi ya satelaiti hutetemeka humo. Fuwele ya saa, inayokaa ndani ya kioveni chake kidogo chenye joto lisilobadilika, aliiacha iwake siku kadhaa kabla ya kuipa kazi. Na ole wako uelekeze kiyoyozi upande wake.

Huenda msomaji anajiuliza: shughuli yote hii ya nini? Minara ya simu ya siku hizi, mingi yake, husema na kusikiliza katika masafa yaleyale kwa zamu. Mnara mmoja ukikosea zamu, unapiga kelele wakati jirani yake ametega sikio. Uvumilivu wa mfumo ni mikrosekunde 1.5 tu, na ndani ya hizo kila swichi na kila kipande cha faiba hudai chake. Ili minara ilingane, saa kuu hupeleka ujumbe kwa mtandao, saa ndogo ya mnara hujibu, na muda wa kwenda na kurudi hugawanywa kwa mbili. Hesabu hiyo ni ya kweli iwapo njia mbili zinalingana. Uzi wa faiba wa kurudi ukizidi ule wa kwenda kwa mita 10, saa inapotoka kwa nanosekunde 25, wala haina namna ya kujijua. Lazima awepo mtu aliyeupima uzi.

Elimu hii haikudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 1985 David Mills wa Marekani alichapisha maelezo ya kwanza ya itifaki ya NTP, ambayo hadi leo ndiyo inayorekebisha saa za kompyuta duniani. Mwaka 2002 ikaja itifaki nyingine, PTP, inayogonga muhuri wa saa kwenye mlango wenyewe wa mtandao, ujumbe usisubiri foleni ndani ya kompyuta. Kisha CERN, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wakaupeleka usahihi wake chini ya nanosekunde moja kwa mradi wao wa White Rabbit.

Lakini kisa alichokipenda mzee ni cha mwaka 2011. Wanasayansi wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba chembe ziitwazo neutrino, zilizotoka CERN, zilifika Gran Sasso nchini Italia, kilomita 730, zikiwa zimewahi kuliko nuru kwa nanosekunde 60. Magazeti yakaanza kumzika Einstein, aliyesema hakuna kinachoizidi nuru mbio. Mwaka uliofuata kikapatikana kiunganishi cha faiba, kati ya kipokezi cha GPS na kompyuta, ambacho hakikuwa kimekazwa sawasawa. Mzee alikisimulia huku ameshika ile spana, na sijui kama kuna mwanafunzi aliyetoka mle ndani bila kukisikia.

Miji yetu iliwahi kuwa na mafundi saa wa barazani, kioo cha kukuzia jichoni, na mzee huyu alikuwa wa ukoo wao ingawa saa zake hazikuwa na mishale. Usiku wa kuamkia 2017 alikesha maabara kuingojea sekunde ya nyongeza, ile inayoongezwa ili saa zilingane na mzunguko wa Dunia, ambayo kwetu iliangukia saa nane usiku, dakika ya 59, sekunde ya 60. Alitaka kuona kwa macho yake kila mtambo unaihesabu. Tangu hapo haijaongezwa nyingine, na mwaka 2022 mataifa yaliafikiana kwamba utaratibu huo ubadilishwe ifikapo 2035, kwa kuwa programu nyingi zinashindwa kuuhimili. Dunia inaendelea kuzunguka kwa mwendo wake. Sisi tumechoka kuifuata.

Alipostaafu hakuna aliyekaa naye kurithi kazi. Kebo zake zilikusanywa, zikafungwa mafungu kwa urefu, plasta zikabanduliwa kwa kuwa zilionekana uchafu. Sasa mitambo huja imefungwa tayari, na husimamiwa kwa mkataba na watu ambao hawajawahi kupanda paa lile. Majuzi nilionyeshwa mipangilio ya mtambo mmoja wa namna hiyo, sehemu nitakayoiacha bila kutaja. Kebo yake ya antena ina mita 40 hivi, kwa hiyo inadaiwa nanosekunde 200. Nafasi ya kujaza ucheleweshaji wa kebo ilikuwa na namba iliyotoka nayo kiwandani: 0. Taa ilikuwa ya kijani.