Kifaa cha Kuchezea kama Kipengele cha Fani katika Mchezo wa Kutisha: Uhakiki wa Until Dawn

Ni rahisi kuuhakiki mchezo wa kidijitali wa kutisha kwa kutazama mandhari, sauti na wahusika wake, kisha kukitaja kwa kupita tu kifaa anachokishika mchezaji, kana kwamba ni suala la mafundi peke yao. Mkabala huo haujitoshelezi. Kwa mgawanyo wa fani na maudhui uliozoeleka katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kifaa cha kuchezea ni sehemu ya fani, kwa kuwa ndicho kinachoamua mwili wa mchezaji utafanya nini pale hadithi inapomtaka aogope.

Until Dawn, mchezo uliotolewa mwaka 2015 na studio ya Supermassive Games ya Uingereza kwa ajili ya PlayStation 4, ni mfano mzuri. Ulipotangazwa mwaka 2012 ulikusudiwa kuchezwa katika PlayStation 3 kwa rimoti ya Move, ambayo mchezaji angeielekeza kama tochi. Toleo lililofika sokoni liliiacha rimoti hiyo na kutumia kidhibiti cha kawaida cha mikono miwili. Hata hivyo, kitambuzi cha mwendo kilichomo ndani ya kidhibiti hicho kilipewa kazi yenye uzito: mhusika anapojificha, mchezaji huamriwa atulie, na mtikisiko ukipita mpaka uliowekwa, mhusika hufichuka.

Katika matukio mengi ya mchezo huu, amri ni kutenda: kubonyeza kitufe kabla ya muda kwisha, au kuchagua njia. Hapa amri ni kutotenda, na kinachopimwa ni dalili ya hofu yenyewe, yaani kutetemeka. Kadiri taharuki inavyofanikiwa, ndivyo mchezaji anavyokaribia kushindwa. Uamuzi huo unaoana na maudhui. Hadithi inapoendelea hubainika kuwa wendigo, viumbe wanaowawinda vijana wanane katika mlima wa Blackwood, huona kile tu kinachosogea. Kanuni ya kifaa na kanuni ya hadithi ni moja. Ndiyo maana tukio la mwisho ndani ya jumba, ambapo Sam analazimika kutulia mbele ya viumbe hao, halihitaji maelezo yoyote: mikono ya mchezaji imekwisha kufundishwa. Mchezaji anaweza, bila shaka, kukilaza kidhibiti mezani na kupita salama, lakini hapo atakuwa amejitoa mwenyewe katika nafasi ya mhusika.

Kutumia mwendo hakutoshi peke yake. Silent Hill: Shattered Memories, uliotolewa kwanza kwa Wii mwaka 2009, uliifanya rimoti kuwa tochi ya Harry Mason, na simu zake zikasikika kupitia spika ndogo iliyomo ndani ya rimoti. Kuisogeza rimoti sikioni gizani ni tendo la kawaida kabisa, na ukawaida huo ndio unaotisha. Lakini Harry anapokimbizwa, mchezaji hutakiwa kurusha mikono ili kuwabandua viumbe waliomshika. Hapo hofu inageuka kuwa mazoezi ya viungo. Mwili unashughulika mno hata hauna nafasi ya kuogopa.

Kazi za baadaye za Supermassive Games zinaonyesha gharama ya kubadili kifaa. Man of Medan (2019) na The Quarry (2022) ilitolewa pia kwa kompyuta na kwa Xbox, ambayo kidhibiti chake hakina kitambuzi cha mwendo. Katika Man of Medan, kujificha ni kubonyeza vitufe kwa kufuata mapigo ya moyo. Katika The Quarry, ni kushikilia kitufe ili mhusika azuie pumzi, na kukiachia hatari ikishapita. Kwa maoni ya mhakiki huyu, mbinu zote mbili ni pungufu kisanaa. Kufuata mapigo ni kipimo cha wepesi wa vidole, na mchezaji mtulivu na yule mwenye hofu wanaweza kupata matokeo yaleyale.

Pamoja na hayo, upungufu huo una upande wa haki ambao uhakiki hauwezi kuufumbia macho. Kitambuzi cha mwendo hakijui sababu ya mkono kutetemeka. Mchezaji mwenye maradhi ya kutetemeka mikono huhesabiwa kuwa mwoga, na mhusika wake anaweza kufa kwa kosa ambalo hakulitenda. Tatizo la namna hiyo limo pia katika Alien: Isolation (2014), ambao kwa hiari ya mchezaji huweza kutumia maikrofoni ya Kinect au ya kamera ya PlayStation, ili kelele za chumbani zimwite yule kiumbe. Mtoto anayelia chumba cha pili humponza mchezaji aliyenyamaza kimya. Tofauti ni kwamba Alien: Isolation huliacha jambo hilo liwe la kuchagua na bado hubaki mchezo kamili bila maikrofoni, ilhali katika Until Dawn utulivu wa mkono umefumwa ndani ya kisa chenyewe, na ukiondolewa, sheria ya wendigo hubaki kuwa habari ambayo mchezaji anaambiwa tu.