Tusiite kujisomea 'ubinafsishaji wa masomo'

NENO 'ubinafsishaji' limeanza kutumika mahali ambapo halikuzaliwa. Siku hizi ninalikuta katika mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili, katika hotuba za semina na hata katika maelezo ya programu za simu. Ati mwanafunzi 'anabinafsisha ujifunzaji wake' kwa zana za mtandaoni. Maana inayokusudiwa ni njema: kila mtu achague anachotaka kujifunza, aende kwa kasi anayoiweza, asome saa inayomfaa, na chombo kimwekee kumbukumbu ya alipofikia. Mimi sina ugomvi na maana hiyo. Ugomvi wangu ni na neno, kwa sababu nikilitazama vizuri naona limetoboa siri ambayo waliolichagua hawakukusudia kuitoboa.

Kwa msomaji wa kawaida wa Kiswahili, ubinafsishaji ni mali ya umma kuingia mikononi mwa watu au kampuni. Kenya ilitunga Sheria ya Ubinafsishaji mwaka wa 2005. Hebu nenda Makongeni, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi uliojengewa wafanyakazi wa reli enzi za mkoloni, umtafute mzee aliyestaafu reli. Anakumbuka vyema mwaka wa 2006, shughuli za treni zilipokabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways. Mwambie mzee huyo kwamba masomo ya mjukuu wake yamebinafsishwa. Atakuuliza yameuzwa kwa nani, na kwa bei gani. Na hapo hatakuwa amekosea Kiswahili hata kidogo.

Waliotafsiri programu za simu nao walikwepa neno hilo wakaangukia jingine. Katika simu nyingi zenye menyu ya Kiswahili utaambiwa 'weka mapendeleo', na matangazo yanayokufuata kila unapofungua ukurasa yanaitwa matangazo 'yaliyowekewa mapendeleo'. Nawahurumia watafsiri hao, kazi yao si nyepesi. Lakini huku kwetu upendeleo ni ule wa karani anayempitisha binamuye mbele ya foleni. Basi tuna istilahi mbili kwa wazo moja: ya kwanza inanuka mnada, ya pili inanuka mlungula.

Ajabu ni kwamba lugha ilikuwa na neno lake kabla ya intaneti kuvumbuliwa. Neno hilo ni kujisomea. Litazame lilivyoundwa: mzizi wa kusoma umetanguliwa na 'ji', inayomrejelea mtenda mwenyewe, kisha ukafuatwa na kauli ya kutendea. Mtu anasoma, tena anasoma kwa faida yake, bila kungoja kuamrishwa. Tukitaka kuongeza dhana ya kiasi na kasi, tunaweza kusema 'kujipimia masomo'. Najua wapo watakaocheka, maana mtaani cha kupima ni mafuta ya kupikia dukani, yale unayomiminiwa ya shilingi chache kwenye chupa yako mwenyewe. Ndiyo sababu hasa ninalipenda neno hilo. Linatukumbusha kuuliza kipimo kinachotumika ni kipi, na ni nani aliyekishika.

Wala tusidhani kwamba kumfuata kila mwanafunzi kwa kasi yake ni uvumbuzi wa Marekani. Katika vyuo vya Kurani vya mwambao wetu, kila mtoto alikuwa na ubao wake. Mmoja yuko kwenye alifu, jirani yake wa mkekani ameshafika mbali katika juzuu, na hakuna aliyeambiwa amngoje mwenzake. Mwalimu alimsikiliza kila mmoja mahali alipofikia, na mkubwa alimsikiliza mdogo. Mtoto hakupandishwa darasa kwa sababu mwaka umekwisha. Alifutiwa ubao akaandikiwa somo jipya kwa sababu lililotangulia limemkaa. Unaweza kuulaumu mfumo huo kwa mengi, kiboko kikiwamo, ila huwezi kusema haukumtambua mwanafunzi mmoja mmoja. Na tazama: kila mmoja alikuwa na ubao wake, lakini mkeka ulikuwa mmoja.

Mkeka huo ndio siuoni katika zana nyingi za leo.

Nasema hivi baada ya kukaa Jumamosi kadhaa na kundi la watahiniwa wa kidato cha nne wanaokutana Makongeni. Ni vijana sita wenye simu janja mbili. Simu moja ni ya mama wa mmoja wao na ikifika jioni hurudi kwa mwenyewe. Bando hununuliwa la saa moja, baada ya kuchangishana. Kabla ya kulifungua wanaandika daftarini kila wanachotaka kutafuta, kwa mpangilio, na nani atashika simu dakika zipi. Mmoja kazi yake ni kupakua video za hesabu ili zitazamwe baadaye bila mtandao. Mwingine anapiga picha maswali ya mitihani ya zamani na kuyatuma kwenye kundi lao la WhatsApp. Wakimaliza, simu inazimwa na ubishi unaanza. Wataalamu wanayo majina mazito ya kuyaita mambo haya. Mimi nimeona tu kwamba vijana hawa wanajisimamia kwa nidhamu ambayo wanafunzi wangu wa chuo kikuu, wenye waifai ya bure siku nzima, wengi wao hawana.

Lakini usisahau kilichowapangia ratiba hiyo. Si programu, ni ufukara wa bando. Wauzaji wa zana hizi wanasema masomo yatapimwa kulingana na akili ya mwanafunzi. Makongeni masomo hupimwa na mfuko kwanza, akili inafuata ikibakiwa na dakika. Hapo ndipo ubinafsishaji kwa ile maana ya mzee wa reli unaporudi. Gharama iliyokuwa ya shule, yaani kitabu, maabara na hata mwalimu wa kuulizwa maswali, inateremshwa polepole hadi kwenye mfuko wa mzazi, na uteremshaji huo unaitwa uhuru wa mwanafunzi.

Jumamosi moja walikuwa wanadurusu 'Bembea ya Maisha', tamthilia ya Timothy Arege. Waliiuliza programu mojawapo ya akili unde (akili mnemba, wasemavyo jirani zetu wa Tanzania) iwaeleze Sara ni mhusika wa aina gani. Jina la programu nalihifadhi, kwani sidhani nyingine zingefanya tofauti. Jibu lilikuja upesi, kwa Kiswahili kilichonyooka, lenye aya tatu na hitimisho. Sara, likasema, ni mwalimu wa kijijini anayeongoza wanawake kupigania ardhi yao. Msichana aliyekuwa na kitabu chenyewe mapajani akakipekuapekua, kisha akaniangalia. "Prof, imetupanga," akasema. Kwa lugha ya mtaa, kupangwa ni kulaghaiwa. Sara wa Arege ni mama mgonjwa, na sehemu kubwa ya mvutano katika tamthilia inatokana na nani atamuuguza na kwa gharama ya nani.

Kilichonishughulisha si uongo wa mashine. Mashine hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na katika kazi ambayo hazikuisoma vya kutosha hujaza pengo kwa kilichozoeleka kwingineko. Mwanamke, kijiji, ardhi: ni hadithi ya Kiafrika unayoweza kuitunga usingizini. Kilichonishughulisha ni kwamba watano kati ya wale sita walikuwa wameshaanza kunakili. Aliyewaokoa ni mmoja mwenye kitabu cha karatasi, tena kwa sababu walikuwa wameketi pamoja. Kila mmoja angekuwa kwao na chombo chake kilichomfahamu vizuri, kinachompigia makofi na kumwambia amefanya vyema, wote sita wangeingia kwenye chumba cha mtihani na Sara wa kubuni.

Kuna na suala la lugha ya kuuliza. Vijana hawa wanafikiri kwa Sheng, wanaandika mtihani kwa Kiswahili sanifu, na vyombo vingi wanavyovitumia vimelishwa Kiingereza kwa wingi. Kijana mmoja aliandika: "Nishow maana ya hii methali ka vile ungeshow mtoi." Swali zuri sana! Anajua hasa anachokihitaji, nalo ni maelezo mepesi, kama ya mtoto. Jibu alilopata lilikuwa la Kiingereza, na methali ilikuwa imefasiriwa neno kwa neno hadi ikafa. Akaandika upya kwa Kiswahili sanifu, akapata Kiswahili cha barua ya benki. Sasa ni nani aliyelinganishwa na mwenzake hapo? Chombo hakikumfuata mwanafunzi. Mwanafunzi ndiye aliyelazimika kubadilisha ulimi mara mbili ili chombo kimwelewe. Hata Duolingo, iliyoanzisha kozi ya Kiswahili mwaka wa 2017, iliitunga kozi hiyo kwa ajili ya wanaojua Kiingereza. Si dhambi, wageni nao wana haki ya kujifunza. Ila tusijidanganye kwamba kila kinachovaa kanzu ya Kiswahili kimekuja kwetu.

Huenda msomaji akasema napinga maendeleo. La. Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, nilikuwa miongoni mwa waliofurahia kila chombo kilichojitokeza. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilikuwa na masomo redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Eneza Education ilikuwa na huduma ya Shupavu 291, ambayo haikuhitaji simu janja: mwanafunzi mwenye kabambe, ile ya mulika mwizi, alitumiwa maswali kwa ujumbe mfupi, akajibu, akaelezwa alipokosea. Huduma kama hiyo ilianza na simu iliyokuwa tayari mkononi mwa mtu, na kwa maoni yangu ilikuwa na akili kuliko programu nyingi za rangirangi zilizoifuata. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, walimu walituambia waziwazi kwamba tofauti kati ya watoto ilikuwa imepanuka. Vyombo vilikuwapo. Wengi walikosa bando, au meza, au mtu wa kuwauliza, "Umefika wapi?"

Ulinganisho wangu wa chombo na mkeka hauishii kwenye vyuo vya Kurani. Mwaka wa 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa 'Mtu ni Afya'. Chombo kilikuwa redio, teknolojia ya kujisomea ya wakati ule. Lakini waliobuni kampeni hawakumwacha msikilizaji na redio yake. Walipanga vikundi vya kusikiliza kote nchini, kila kikundi kikiwa na kiongozi na kijitabu. Watu walisikiliza kipindi, wakakijadili, wakaamua cha kufanya kijijini mwao, kisha wakaenda kuchimba choo. Walioshiriki wanakadiriwa kufika milioni 2. Sijui programu ya simu inayoweza kujivunia vyoo.

Kwa hivyo ninapoombwa ushauri kuhusu zana hizi, kama nilivyoombwa majuzi na mzazi mmoja wa Makongeni, siulizi kwanza ni programu gani. Nauliza mtoto atakaa na nani, na atathibitisha wapi. Kwa swali la pili mtaa ule una bahati ambayo mitaa mingi ya Nairobi haina. Jirani kabisa, Kaloleni, kuna maktaba ya umma, na nyingine iko Makadara. Zote mbili zilikarabatiwa na shirika la Book Bunk. Mzazi yule alikuwa amelipia programu ya mazoezi kwa mwezi mzima na hakuwa amewahi kumtuma mwanawe Kaloleni. Simlaumu. Programu ina matangazo, maktaba haina.

Wanaotunga programu hizi nao nina neno nao, hasa vijana wetu wa Nairobi wanaoshindania tuzo za ubunifu. Pointi, nyota na zile siku mfululizo za kutovunja mnyororo huhesabu mara ambazo mtoto amefungua simu. Hazisemi lolote kuhusu iwapo anaweza kumweleza mwenzake alichokisoma. Wekeni sehemu ya kuulizana. Jibu lije na jina la kitabu na ukurasa. Na tafadhali, mkitafsiri menyu zenu, mpeni mtu wa Eastlands azisome kwa sauti kabla ya kuzitoa, muone atacheka wapi.

Wale sita hawakumngoja mtu awaundie. Tangu siku ya Sara wamejiwekea sheria, imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari lao: jibu la simu linaandikwa kwa penseli. Likionekana kitabuni, ukurasa unatajwa na mwandiko unapitiwa kwa wino. Jumamosi iliyopita nililipekua daftari hilo. Kurasa za 'Nguu za Jadi' zilikuwa za penseli karibu zote, na walikuwa wanatafuta nakala ya pili ya riwaya hiyo kwa udi na uvumba.