Othello na kisingizio cha kabila

Wengi tukisoma "Othello" ya Shakespeare, tamthilia iliyochezwa London mwaka 1604, tunatoka na jibu la haraka: mtu mweusi kaoa binti mweupe wa Venisi bila ridhaa ya baba mtu, ndiyo maana akamuua. Eti damu hazikupatana.

Hebu tusome tena, ndugu zangu. Othello anampiga Desdemona mbele ya mgeni, baadaye anamuua kitandani. Sawa. Lakini Iago na Emilia je? Hao rangi moja, kwao kumoja. Na Iago naye anamchoma mkewe upanga, kosa lake kusema kweli.

Shakespeare aliitoa hadithi hii kwa Mwitalia Cinthio, aliyeichapisha mwaka 1565. Mle mke anajuta kuolewa na mtu asiye wa kwao, na mke wa yule mchongezi anabaki hai. Shakespeare kafuta majuto, kaongeza maiti ya pili. Hakufanya bure.

Nasema haya kwa sababu katika hadithi zetu nyingi mume akipiga, msimulizi hukimbilia kabila lake: "watu wa kule ndivyo walivyo." Kesi imekwisha! Aliyepiga kapata wakili, na walioona hawaulizwi. Lodovico, yule mgeni, aliona kipigo kile. Alishangaa, akalalamika, kisha akaenda kula chakula cha usiku nyumbani kwa mpigaji.

Waandishi wenzangu, mtu huyo yumo katika kila mtaa wetu. Mbona hatumwandiki?