Ndovu wa Barnabas

Kitabu cha Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, juu ya safari yake ya mwaka 1906 katika nchi ya Lindi, Masasi na Newala, kilitoka 1908 kwa Kijerumani, na Alice Werner akakitafsiri kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Wasomi hukiendea kwa habari za unyago. Mimi hukifungua kwanza penye michoro. Weule aliwapa kalamu na karatasi watu waliokuwa karibu naye, nao wakachora: Pesa Mbili, mnyapara wa wapagazi, akauchora msafara, Barnabas, Mmwera msomi wa Lindi, akachora kundi la ndovu. Katika kitabu ambamo mgeni ndiye atazamaye na mwenyeji ndiye atazamwaye, hapa mambo yamepinduka.

Weule alifariki mwaka 1926. Haki ya kunakili kitabu chake imekwisha, na nakala zake husomwa bure katika intaneti. Kwa hiyo fundi wa Nachingwea aweza leo kuwatia ndovu wale katika kanga, na mwalimu wa Ruangwa aweza kuwatungia watoto hadithi juu yao, pasipo kumwomba mtu ruhusa. Hili ni jema, wala sioni sababu ya kulionea haya. Lakini watawapataje? Wajerumani wa zamani waliandika Muera. Atafutaye Wamwera kwa imla yetu hupita mbele ya mlango asiuone. Na udhuru wa kwamba lugha haikuwa na mwandishi haupo, maana sarufi ya Kimwera ya Lyndon Harries ilichapwa 1950. Mlango uliofunguliwa kwa Kijerumani peke yake, kwa mtu wa Ruangwa bado umerudishwa.

Yako mambo mengine ambayo sitaki yafunguliwe upesi namna hiyo. Weule alichukua pia fonografu na mashine ya picha za sinema, sauti za watu zikatiwa katika nta. Naye alihudhuria unyago. Alikuja na askari, moshi wa Maji Maji ungali hewani, na Wamwera walikuwa wamepigana tangu 1905. Ni nani angalimkatalia? Mchoro Barnabas aliutoa kwa mkono wake, akijua utaonwa. Wimbo wa unyago haukutungwa kwa masikio ya kila mtu, na mwenye kuutia katika tamthilia kwa kuwa tu sheria haimkatazi, atakuwa amekirudia kitendo cha msafiri. Nasikia wenzangu wakisema kwamba elimu haina siri. Kwa makungwi elimu ina siri, tena ina daraja. Basi nyimbo zisikizwe mbele yao kwanza, wao ndio waseme upi utoke na upi ubaki.

Ama ndovu, hao watoke leo. Chini yao liandikwe jina la Barnabas, Mmwera, kwa imla ya Kiswahili, na la Weule baadaye.