Kitabu cha Mpanda Baiskeli

Kitabu cha Chris Froome, The Climb, kilichotoka mwaka 2014, husifiwa kwa habari za ushindi wake wa Tour de France wa 2013. Kwa maoni yangu, thamani yake imo katika kurasa za Kenya. Humo kijana mzaliwa wa Nairobi anafunzwa na David Kinjah huko Kikuyu, pamoja na vijana wa hapo, kupanda vilima na kutengeneza baiskeli kwa mikono yao.

Akishafika Ulaya, spana zinashikwa na mafundi wa timu, na mazoezi yanaongozwa na kifaa kinachopima nguvu ya miguu. Ushindi unaongezeka, lakini masimulizi yanapungua utamu, kwani tarakimu hazitoki jasho.

Kwetu Mpwapwa, mwanachuo wa ualimu aliyeendesha Phoenix isiyo na gia hadi stesheni ya Gulwe alijifunza mapema kwamba mbigili hazichagui baiskeli. Asiye na pampu na kiraka hurudi kwa miguu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kijana anayeanza mazoezi leo na azisome kurasa za Kikuyu mara mbili kabla ya kuulizia bei ya gia.